Mwanajuma wa Accra

Nimekuja na neno moja tunalolitamka kila wiki bila kulitazama usoni. Neno lenyewe ni mlezi.

Kila kwaya ina mlezi. Timu ya mpira ya mtaa ina mlezi, chama cha kufa na kuzikana kina mlezi, na kundi la maigizo likianza tu kujulikana huulizwa: mlezi wenu nani? Mara nyingi hutajwa mtu mwenye uwezo. Siku ya uzinduzi hukaribishwa meza kuu, huwekewa maji ya chupa, husoma hotuba, hukabidhi bahasha, hupigiwa vigelegele, kisha gari lake huondoka. Bahasha ile ina kazi yake. Imenunua ngoma na maleba, imelipia nauli za wasanii wengi, nami siibezi hata kidogo. Ila waliotupa neno hili walilitoa kwenye kulea, na kulea kuna kuamka usiku mara tatu, kuna kupima homa kwa kiganja, kuna kumlisha mtu ambaye bado hajui kusema asante. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Nilipokuwa na miaka 17, sisi vijana wa mtaani tulikuwa na kundi la maigizo lisilo na pa kukaa. Tulifanyia mazoezi chini ya mwembe mpaka masika yalipotufukuza. Mama mmoja jirani, muuza vitumbua, akatufungulia uani kwake. Alisogeza kamba ya nguo, akahamisha masufuria, akasema ingieni. Kila jioni alikaa kwenye mbuzi yake akikuna nazi kwa ajili ya vitumbua vya asubuhi, mgongo umeelekea kwetu nusu, sisi tunaigiza. Tulidhani hasikilizi. Siku moja mwenzetu alikuwa akirudia onyesho la kumzika mdogo wake, na mama yule, bila kuinua macho kwenye nazi, akasema: "Jana hapo ulilia. Leo mbona hulii?" Yule kijana alisimama kimya, akarudi mwanzo wa onyesho, na safari hiyo alilia. Jina la mama yule halikuandikwa popote kuwa mlezi wetu. Waliandikwa wengine.

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu nilikuwa nikisoma habari za mwanamke wa mji mwingine, upande wa pili wa bara letu, aliyeifanya kazi hiyo hiyo ya kufungua ua. Yeye aliufungulia mji mzima, na kwa miaka karibu 40. Mji ni Accra, mji mkuu wa Ghana. Mwanamke ni Efua Sutherland. Watu wa sanaa wa Accra walimwita Anti Efua, na hilo "anti" sina haja ya kulitafsiri kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi.

Jina Efua nalo liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Waakan wa Ghana, ambao Wafante ni tawi lao, humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Kwame ni mwanamume wa Jumamosi, ndiye Kwame Nkrumah. Efua, kwa Kifante, ni mwanamke wa Ijumaa. Huku pwani tungemwita Mwanajuma. Naye kweli alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 27 Juni 1924, mjini Cape Coast, mji wa ngome kongwe za biashara ya watumwa na wa shule za mwanzo mwanzo za wamisionari. Mama yake alifariki akiwa bado msichana mdogo, Efua akiwa mchanga wa kubebwa, na bibi yake, Araba Mansa, akamchukua akamlea. Kwa hiyo aliijua kazi ya mlezi kutoka upande wa mtoto kabla hajaifanya yeye mwenyewe.

Alisomeshwa na masista wa Kianglikana, akawa mwalimu, akaenda Uingereza kusoma ualimu Chuo cha Homerton kule Cambridge, na masuala ya lugha London. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia darasani kufundisha, na jambo lililomchoma lilikuwa pale pale mbele ya ubao: watoto wa Kiafrika wakisoma vitabu ambamo hakuna hata mti mmoja wanaoujua. Akaanza kuandika. Mwaka 1954 aliolewa na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi aliyefungwa jela nchini kwao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kukataa kushika silaha, kisha akaja Afrika kutafuta namna ya kuwa na faida. Walizaa watoto watatu. Wazee wa Dar es Salaam huenda wakalikumbuka jina hilo la Bill Sutherland, maana baada ya Ghana alihamia kwetu, akaishi Dar miaka mingi katika siku zile ambazo wapigania uhuru wa kusini walijaa mitaa yetu. Anti Efua alibaki Accra. Kazi yake ilikuwa pale.

Sasa tuelewane vizuri kuhusu Accra ya wakati huo. Isije ikadhaniwa kwamba palikuwa hapana maigizo mpaka yeye alipokuja. Kulikuwa na vikundi vya wachekeshaji waliozunguka miji na vijiji kwa lori, wakiimba, wakijipaka rangi usoni, wakiigiza kwa Kiakan mpaka alfajiri, na watu walilipa kiingilio kwa furaha. Kulikuwa na shule kubwa kubwa zilizomcheza Shakespeare kwa Kiingereza safi. Na vijijini kulikuwa na hadithi za usiku. Mikondo hii mitatu ilipita kila mmoja njia yake. Msomi alimwona mchekeshaji wa lori kuwa mtu wa kupotezea wakati, naye mchekeshaji hakuwa na sababu ya kukanyaga chuo kikuu.

Ghana ikapata uhuru Machi 1957. Mwaka huo huo Efua akawakusanya waandishi wakaunda chama chao. Mwaka uliofuata, 1958, akaanzisha kundi la maigizo la majaribio. Neno majaribio lilikuwa na maana yake: alitaka kujaribu kama hadithi ya usiku wa kijijini ingeweza kusimama jukwaani na bado ikabaki kuwa hadithi. Kundi lile halikuwa na ukumbi wake. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu ni la kwanza katika ulezi wa sanaa popote: alikwenda kutafuta mahali.

Alizunguka na karatasi zake. Alipata fedha kutoka Wakfu wa Rockefeller wa Marekani na msaada wa baraza la sanaa la nchi yake, na mwaka 1961 Rais Nkrumah akalifungua jumba lililoitwa Ghana Drama Studio, katikati ya Accra. Naomba uliangalie jumba hilo pamoja nami. Halikuwa na mapazia ya mahameli wala viti vya kunesa. Lilikuwa ua. Kuta nyeupe zimezunguka uwanja ulio wazi juu, na upande mmoja jukwaa, kama vile katika nyumba ya ukoo ya Kiakan, ambako vyumba huzunguka ua na mambo yote makubwa, mashauri, matanga, harusi na hadithi, hufanyika hapo katikati chini ya mbingu. Na lango la kuingilia lilijengwa kwa umbo la kigoda cha jadi. Ulipita kwenye kigoda kuingia ndani. Kwa Waakan kigoda ni kiti cha mtu na pia ni heshima na roho ya ukoo, na mgeni akifika hupewa kiti kwanza, maneno baadaye. Mtu aliyewahi kukaribishwa nyumba ya Mswahili anaelewa lango lile lilikuwa likisema nini kwa muuza samaki wa Accra ambaye maisha yake yote alizoea kuona majumba ya serikali kwa nje.

Kupata jumba ni siku moja ya sherehe. Siku zinazofuata ndizo ngumu. Nani ana ufunguo? Nani analipa taa? Waigizaji walikuwa walimu, makarani, mafundi, wanafunzi, wakija jioni wamechoka. Kulikuwa na jarida la fasihi la kulisimamia, Okyeame. Kulikuwa na tamthilia za kuandika, na aliandika: Foriwa, Edufa, michezo ya watoto yenye mahadhi na kibwagizo. Alipoona kwamba ua ule hautadumu ukimtegemea mtu mmoja, aliukabidhi kwa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 1963, ukawa sehemu ya mafunzo ya muziki na maigizo yaliyokuwa yanaanzishwa pale, naye akaingia Taasisi ya Taaluma za Kiafrika kama mtafiti. Nimeona viongozi wengi wa vikundi, watu wema kabisa, wakishikilia ufunguo mpaka kundi likafa nao. Yeye alitoa ufunguo ukiwa bado unang'aa.

Waliopita kwenye lango la kigoda wametufikia mpaka huku. Ama Ata Aidoo, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika vyuo vyetu, alikuwa mwanafunzi kijana alipopata malezi ya jukwaa la Efua, na tamthilia yake ya kwanza ilichezwa mwaka 1964 akiwa bado chuoni. Joe de Graft, mwandishi na mwelekezi aliyekuwa nguzo ya Drama Studio tangu mwanzo, alikuja kufundisha maigizo Chuo Kikuu cha Nairobi, na tamthilia yake Muntu ilichezwa Nairobi mwaka 1975 mbele ya mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wapo Wakenya waliojifunza kusimama jukwaani kutoka kwake. Hivyo sehemu ya vumbi la ule ua wa Accra ilifika Afrika Mashariki kwenye viatu vya mwalimu mmoja. Maya Angelou naye, alipoishi Accra miaka hiyo ya 1960, alimpata Efua kama dada, naye ameliandika hilo katika kumbukumbu zake.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote haikutokea mjini. Ilitokea kijijini Atwia, katika eneo la Ekumfi, nchi ya Wafante. Watu wa Atwia walisifika kwa kusimulia hadithi. Efua alikwenda kukaa nao, akisikiliza, na aliyoyaona yalimgeuza.

Katika hadithi za Waakan shujaa mkuu ni Ananse, buibui. Ni ndugu yake Sungura wetu: mdogo, mwenye njaa, mwongo, mwerevu kupita kiasi, na mara nyingi hunaswa na werevu wake mwenyewe. Msimulizi wa Atwia akiwa katikati ya hadithi, msikilizaji yeyote ana haki ya kuinuka na kumkatiza kwa wimbo. Wimbo huo huitwa mboguo. Anauanzisha mmoja, wote wanaupokea, ngoma inaingia, watu wanacheza, kisha msimulizi anarudishiwa hadithi yake pale alipoiachia. Anayeimba huenda ameona hadithi inapoa, akaipasha moto. Huenda amechukizwa na Ananse, akamsema kwa wimbo. Huenda alikuwepo, anasema, siku Ananse alipofanya ule wizi, na yeye ni shahidi. Hadithi si mali ya msimulizi peke yake. Na wote wanajua ni uongo. Wamekuja kwa hiari yao kudanganywa vizuri. Sisi tunayo hayo hayo midomoni. Bibi husema hadithi, hadithi, na wajukuu huitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Nilipofika hapo katika kusoma, nilimwona tena yule mama wa vitumbua na nazi yake. "Leo mbona hulii?" Ilikuwa mboguo, nasi hatukujua jina lake.

Katikati ya miaka ya 1960, wanakijiji wa Atwia, kwa kujitolea pamoja naye, walijenga jumba lao la hadithi, Kodzidan, yaani nyumba ya hadithi. Fikiria mambo yalivyogeuka. Kwa kawaida mji hupeleka jumba kijijini: ofisi ya kodi, kituo cha polisi, zahanati. Hapa kijiji kilijijengea jumba kwa ajili ya kile ambacho mji ulikuja kujifunza kwake. Watu wa Atwia waliigiza pale, wakapata riziki kidogo kutokana na wageni, na hadithi zao zikaheshimiwa kama wengine wanavyoheshimu maktaba.

Kutoka Atwia ikazaliwa tamthilia yake kubwa, The Marriage of Anansewa, iliyochapishwa mwaka 1975. Nitakusimulia kidogo, maana ni vigumu kumheshimu mtu wa jukwaa bila kufungua pazia.

Ananse ni baba maskini. Mvua inampiga, paa linavuja, ada ya binti yake anayesomea ukarani haijalipwa. Anamwita binti huyo, Anansewa, akae kwenye taipureta, anamsomea barua moja baada ya nyingine, naye anazipiga bila kujua kwamba anajiuza mwenyewe. Barua zinakwenda kwa machifu wanne. Kila mmoja anapata kuamini kwamba yeye ndiye atakayemwoa. Zawadi zinaanza kumiminika, fedha zinaingia, Ananse anavaa nguo mpya, anaweka sawa nyumba. Ujanja wake umesimama juu ya desturi: mpaka kinywaji cha posa kitolewe rasmi, hakuna ndoa, na zawadi zilizotangulia hazimfungi mtu. Wazazi wa kwetu wenye mabinti wanajua tofauti ya kishika uchumba na mahari, kwa hiyo hawana haja ya kufafanuliwa. Shida inaanza pale machifu wote wanne wanapotuma habari kwamba wanakuja kutoa posa, na wanakuja pamoja.

Ananse anafanya nini? Anatangaza msiba. Anansewa amefariki. Binti analazwa, anaambiwa asipepese jicho, na wajumbe wa machifu wanakuja mmoja mmoja kutoa rambirambi. Hapo ndipo mchezo wa kuchekesha unapogeuka mizani. Wengine wanapima kwa kidole kile ambacho desturi inawadai, wanatoa hicho, basi. Mmoja anachukua gharama zote za maziko, kama mume, ingawa hakuna kilichomlazimisha. Baba mwongo anapata jibu la kweli kupitia uongo wake, na binti "anafufuliwa" kwa nguvu ya pendo la yule aliyempenda hata maiti yake.

Katika onyesho hilo msimulizi yupo jukwaani muda wote, anatembea kati ya waigizaji, anawasema. Mtunza vifaa naye anakaa mbele ya macho ya watu, na mwigizaji akihitaji mwavuli, anampa mwavuli, hadharani. Hakuna kinachofichwa. Nyimbo za mboguo zinaukata mchezo kama pale Atwia. Efua aliuita mtindo huu Anansegoro, mchezo uliozaliwa na hadithi za Ananse. Nitasema maoni yangu waziwazi: Edufa, ambayo aliijenga juu ya tamthilia ya kale ya Mgiriki Euripides, ni kazi ya fundi, ila inapumua kwa shida kidogo, maneno yake yamesimama wima mno. Anansewa anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Kati ya kazi hizi mbili ipo Atwia.

Haya si mageni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na watu waliochimba kisima kama hicho upande wetu. Penina Muhando, katika tamthilia kama Lina Ubani, alimleta msimulizi jukwaani, na kundi walilolianzisha wasanii na wasomi wa chuo hicho lilijiita Paukwa, jina linalosubiri jibu la pakawa. Sidai kwamba mmoja alimfuata mwenzake. Mtu akichimba penye maji, hukuta maji.

Kuna lawama moja aliyopewa, nayo ina uzito: kwamba tamthilia zake zinazojulikana zaidi ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo bibi yake Araba Mansa asingetulia nayo kwenye mkeka. Nami mpenda Kiswahili lawama hiyo hunigusa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kundi jingine, Kusum Agoromba, na hilo liliigiza kwa Kiakan. Makao yao yalikuwa Drama Studio, lakini walizunguka: shuleni, makanisani, katika vyuo vya ualimu, kwa watu ambao hawakuwa wakienda jumba lolote la michezo. Kitabu husafiri nje ya nchi, kundi la namna hii husafiri ndani. Vitabu ndivyo vilivyompa jina huko nje, lakini katika mizani yangu zile safari za Kusum Agoromba zina uzito zaidi.

Na watoto. Hakuwaacha kamwe. Mapema kabisa, pamoja na mpiga picha Mmarekani Willis Bell, alitoa kitabu cha michezo ya watoto wa Ghana: kuruka, kupiga makofi, kujenga nyumba za mchanga. Karibu na mwaka 1980 aliongoza tume ya taifa ya watoto, na alipigania watoto wa Accra wapate maktaba na viwanja vya kuchezea katika mji ambao ardhi yake ilikuwa ikipanda bei kila siku. Hiyo ndiyo sababu leo katikati ya Accra kipo kiwanja cha watoto chenye jina lake. Mwaka 1980 pia aliandika pendekezo la tamasha la maigizo ya kihistoria kule kwao Cape Coast, kwenye ngome zile zile walimofungiwa watu kabla ya kupakiwa merikebuni. Mawazo hayo ndiyo yaliyokua yakawa PANAFEST, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992 na kuwakusanya Waafrika wa bara na wa ng'ambo.

Sasa nafika mahali ambapo sauti yangu hupungua. Ghana ilihitaji Jumba la Taifa la Michezo. Serikali ya China ilisaidia kulijenga. Ni jumba la kuvutia, jeupe, limeinuka kama merikebu zilizofunua matanga, linachukua watu wapatao 1,500, lilifunguliwa mwisho wa mwaka 1992. Lilihitaji kiwanja. Kiwanja kilichochaguliwa ndicho palipokuwa na Drama Studio. Ua ule, kuta zake nyeupe, lango lake la kigoda, vyote vikabomolewa. Mwenyewe alikuwa hai, na umri wake umevuka miaka 60.

Nimejaribu kuwatendea haki waliokata shauri hilo. Mji unakua. Nchi inastahili jumba kubwa, lenye taa za kisasa na nafasi ya wanamuziki mia. Wasanii wa Ghana wamelitumia jumba lile kwa fahari. Hata hivyo nikiwaza watu waliokuwa wakija pale jioni, makarani na walimu wenye karatasi za maneno yao mfukoni, nawaza walikwenda wapi jioni ile ya kwanza. Ukumbi wa watu 1,500 hauwezi kumfungulia mlango kijana mwenye mchezo wa watu 30. Kodi yake haimruhusu. Ua uliweza. Kwangu hapo ndipo mfadhili na mlezi wanapoachana njia: wa kwanza huuliza jumba litaonekanaje likimalizika, wa pili huuliza jioni ya Jumanne, mvua ikinyesha, nani atakuwa ndani.

Kilichofanyika baadaye kinanifariji kwa kiasi. Mfano wa Drama Studio ulijengwa upya Legon, kwenye Chuo Kikuu cha Ghana, ukarudishiwa ua wake wazi na umbo lake, na leo unaitwa kwa jina lake, Efua T. Sutherland Drama Studio. Wanafunzi wa maigizo hufanyia mazoezi pale. Legon iko mbali na katikati ya mji, na muuza samaki hapiti hapo akirudi nyumbani. Lakini kijana wa miaka 19 anayejifunza kulia jukwaani ana mahali pa kulilia.

Anti Efua alifariki mjini Accra Januari 1996, akiwa na miaka 71. Hakuacha kampuni wala mali ya kutangaza. Aliacha mtindo wa maigizo wenye jina, nyumba ya hadithi kijijini, kiwanja cha watoto mjini, na watu. Watu wengi sana ambao ulipowauliza walianzia wapi, walitaja ua ule.

Fundi mitambo ananionyesha saa, msikilizaji wangu. Kama kuna mtu mtaani kwako anayewaachia vijana nyumba yake wafanyie mazoezi, tutumie jina lake hapa kituoni kwa ujumbe mfupi, nami nitalisoma wiki ijayo, jina lake tu, bila hotuba. La mama wa vitumbua nitaanza nalo mimi.

Kesho ni Ijumaa. Kule Cape Coast, alfajiri, mtoto wa kike akizaliwa katika nyumba ya Wafante, jina lake la kwanza linamsubiri mlangoni.